Mji Uliogombania Bastola Moja

Eibar ni mji mdogo uliobanwa kwenye bonde jembamba la nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Kwa karne kadhaa riziki ya wakazi wake ilitoka kwenye bunduki. Huyu alitengeneza mtutu, yule kitako, mwingine alichora nakshi kwenye chuma, kisha mfanyabiashara akaviunganisha na kuuza. Kazi ilipogawanywa hivyo, mafundi wengi waliijua vizuri, na aliyepata mtaji kidogo hakushindwa kufungua karakana yake na kumpinga tajiri wake wa jana.

Bastola waliyokuja kuigombania haikubuniwa Eibar. Ilikuwa kazi ya Mmarekani John Browning, na kampuni ya FN ya Ubelgiji ilianza kuitengeneza mwaka 1903: bapa, nyundo yake imefichwa ndani, inaingia mfukoni bila kunasa. Wabaski waliifungua, wakaipima, wakaiiga. Mwaka 1911 kampuni ya Esperanza y Unceta ilitoa ya kwake, Victoria. Mwaka 1914 Gabilondo y Urresti wakatoa Ruby, ya milimita 7.65, yenye magazini ya risasi tisa.

Kisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikazuka. Jeshi la Ufaransa lilikuwa na uhaba mkubwa wa bastola, na mwaka 1915 likaagiza Ruby 10,000 kila mwezi. Baadaye likataka 30,000. Gabilondo hawakuwa na ubavu wa kutimiza oda hiyo peke yao, wakaingia mkataba na majirani. Haikuchukua muda, Wafaransa wakaanza kununua moja kwa moja kutoka kwa wengine pia, na makumi ya karakana zikawa zinatoa bastola ileile kwa majina tofauti, kila moja ikikimbilia pesa kabla vita haijaisha.

Aliyelipia haraka hiyo ni askari. Kwa macho bastola zilifanana kama mapacha, lakini vipimo vilihitilafiana kidogo kutoka karakana moja hadi nyingine. Magazini ya kiwanda kimoja ilikataa kuingia kwenye bastola ya kiwanda kingine, au iliingia isilishe risasi. Ndiyo maana Ruby za jeshi la Ufaransa zina herufi mbili zilizogongwa ndani ya duara la yai, kwenye chuma nyuma ya kishikio: zilimwambia askari atafute magazini ya mtengenezaji gani. Baadhi ya karakana zilitumia chuma laini, sehemu za ndani zikalika upesi, na silaha ikawa hatari kwa anayeishika. Kumpa mtu aliye vitani kifaa cha namna hiyo ni kosa lisilo na utetezi.

Amani ilipokuja, oda zilikatika na karakana nyingi zikafa. Waliobaki walipambana kwa ubora. Mwaka 1921 jeshi la Hispania lilichagua Astra 400 ya Unceta, ambaye tayari alikuwa amehamia mji wa Guernica. Kikosi cha polisi cha Guardia Civil kikachukua Star, ya Bonifacio Echeverría wa Eibar. Gabilondo walifuata baadaye kwa jina la Llama. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939, serikali ya dikteta Franco iliruhusu kampuni hizo tatu tu kutengeneza bastola.

Lakini wapo waliokuwa wameshageuza njia. Wafanyakazi wa chuma walioanzisha ushirika wa Alfa mwaka 1920 walianza na bastola za silinda, na mwaka 1925 wakahamia kwenye cherehani. Ndugu wa Beistegui, waliofungua kiwanda cha silaha mwaka 1909, wakageukia baiskeli za BH. Gustaaf Deloor wa Ubelgiji alishinda mbio za kwanza za Vuelta a España, mwaka 1935, juu ya mojawapo. Orbea nao, wafua bunduki tangu 1840, wakafuata mkondo huohuo. Mtutu wa bunduki na fremu ya baiskeli vyote ni mabomba ya chuma, na mikono ilikuwa ileile.

Star na Astra zilifilisika mwaka 1997, na Llama haikudumu sana baada ya hapo. BH na Orbea bado zinatengeneza baiskeli.