Fahari na Hofu ya Mtazamaji wa Mchezo wa Nguvu

Barabara itokayo Lodwar kwenda kaskazini-magharibi hupita katika nchi kavu ya mchanga na migunga kwa kiasi cha kilometa 120, hata ifike Kakuma, kando ya mto Tarach. Mahali hapo, mwaka wa 1992, ilifunguliwa kambi ya wakimbizi, na miongoni mwa waliotangulia kukaa humo walikuwamo maelfu ya wavulana waliokimbia vita vya Sudan. Mwezi wa Septemba 1994 alizaliwa kambini humo mtoto wa wazazi waliotoka kusini mwa Sudan, naye ndiye Bwana Aliir Aliir. Angali mdogo alihamia Australia pamoja na jamaa zake, na huko akajifunza mpira wa Kiaustralia, mchezo ambao watu wa Turkana hawaujui.

Mpira wenyewe una umbo la yai. Kila upande huwa na watu 18 uwanjani, nao huruhusiwa kutumia mikono na miguu, kusukumana kwa mabega, na kumkamata mwenye mpira na kumwangusha chini. Hawavai kofia ngumu kichwani. Mwaka wa 2013 Bwana Aliir alichaguliwa na klabu ya Sydney Swans. Mwishoni mwa 2020 akahamia Port Adelaide, na mwaka wa 2021 akatiwa katika orodha ya wachezaji bora wa Australia nzima. Kijana wa Kakuma aonapo picha yake akiruka juu ya wenzake kuudaka mpira, moyo wake hujaa fahari. Mtoto aliyezaliwa katika vumbi lile lile amefika mbali, na mchezo ndio uliompa riziki na jina.

Lakini fahari hiyo ina mwenzake, nayo ni hofu. Mwezi wa Julai 2023 Bwana Aliir aligongana kichwa kwa kichwa na mchezaji wa upande wake mwenyewe. Daktari alimtazama, lakini kipimo kamili cha ubongo kinachotakiwa na sheria za mchezo hakikufanywa, naye akarudi uwanjani. Baadaye klabu ilikiri kosa, na wakuu wa mchezo wakaitoza faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake ikiahirishwa. Mtazamaji aliyemshangilia aliporudi uwanjani hakujua kwamba alikuwa anashangilia hatari.

Wakenya wanayo sababu ya kuielewa hofu hiyo. Mwaka wa 1988, huko Seoul, Bwana Robert Wangila alikuwa Mkenya wa kwanza kupata nishani ya dhahabu ya ndondi katika michezo ya Olimpiki, na nchi nzima ilishangilia. Kisha akaenda kupigana kwa malipo Marekani. Mwezi wa Julai 1994, mjini Las Vegas, mwamuzi alilisimamisha pambano lake kwa kuona kwamba amepigwa mno. Wangila alilalamika, akitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye alizimia katika chumba cha kubadilishia nguo, na hakupona. Jambo kubwa la kukumbukwa katika habari hiyo ni malalamiko yake: aliyepigwa kichwani hujiona mzima. Ubongo utakiwao kupima dhara ndio uliodhurika, kwa hiyo mwenye kuumia hawezi kuwa hakimu wa nafsi yake.

Tena si kila dhara huonekana siku hiyo hiyo. Bwana Graham Farmer, mmoja wa wachezaji mashuhuri kabisa wa mpira wa Kiaustralia, alifariki mwaka wa 2019. Ubongo wake ulipochunguzwa, wataalamu walikuta ugonjwa unaohusishwa na mapigo ya kichwa yaliyorudiwa-rudiwa kwa miaka mingi, nao ulitangazwa mwaka wa 2020. Mwaka wa 2021 sheria ya ligi kuu ya mchezo huo iliamuru kwamba aliyepatwa na mtikisiko wa ubongo asirudi katika mashindano kabla ya siku 12 kupita.

Je, yafaa mtu aache kutazama? Wako wasemao kwamba anayelipa kuona watu wakiumizana ana sehemu yake katika maumivu hayo. Wengine hujibu kwamba wachezaji ni watu wazima waliojichagulia kazi, na kwamba kijana asiye na ng'ombe wala shamba hana milango mingi ya kupitia. Maneno ya pande zote mbili yana uzito. Lakini yafaa kukumbuka kwamba nguvu na hatari si kitu kimoja. Katika mieleka ya Wadinka, ambayo wakimbizi walikuja nayo Kakuma, anayeangushwa chini ndiye aliyeshindwa, na mambo huishia hapo. Watu hupiga kelele na kuimba, wala hawangoji mtu azimie ndipo wafurahi.

Waturkana nao wana somo lao. Vijana wao wa zamani walivaa mkononi kisu cha mviringo kama bangili, kiitwacho abarait, chenye makali pande zote. Makali hayo yalifunikwa kwa ukanda wa ngozi, ili kisimkate mwenye kukivaa wala jirani yake. Hakuna aliyemwita mwoga kwa sababu ya ngozi ile.

Basi kwa walimu na viongozi wa timu, tangu Lodwar hata Kakuma, nasaha ni nyepesi. Kijana agongwapo kichwani, katika ndondi au katika mpira wa kawaida, na atolewe mara moja, hata akisema kwamba hana neno, wala asirudishwe siku hiyo. Na watazamaji wampigie makofi anapotoka, kama walivyompigia alipoingia. Tahadhari kabla ya athari.