Je, Wajua? Kaisari Nero na Maji ya Mau

Wapenzi wa tarikhi ya Rumi wakibarizi na kuzungumza Keringet, katika miinuko ya Mau, huwa wamekaa jirani na maji ambayo Kaisari Nero, aliyetawala tangu mwaka 54 hadi 68, aliitamani asili yake asiipate.

• Nero alituma maakida wa jeshi kuitafuta asili ya mto Nili.

• Walizuiwa na matete mazito, hata hakikupita chombo ila kidau cha mtu mmoja. Seneca, mwalimu wa Nero, aliisikia habari hiyo vinywani mwao.

• Mito ya Sondu na Mara, izaliwayo Mau, humiminika Ziwa Viktoria, ambamo hutoka Nili.

• Maakida hawakufika huku kwa mto, lakini karne hiyohiyo merkebu kutoka Misri ya Warumi zilifika Rhapta, bandari ya pwani ya Afrika Mashariki, kununua pembe za ndovu.