Onyo la Kompaila na Daftari la Kuluva

Kusini ya mji wa Arua, katika Nile Magharibi, ipo Hospitali ya Kuluva. Wenyeji huijua kwa tiba yake, lakini ni wachache wajuao kwamba kumbukumbu zilizoandikwa hapo zimo leo ndani ya kompyuta za wataalamu wa hesabu katika nchi nyingi. Daktari Ted Williams, mmisionari aliyefanya kazi Kuluva pamoja na nduguye Peter, alikuwa na desturi ya kuandika kwa uangalifu habari za kila mgonjwa wa saratani ya Burkitt, ule uvimbe unaowashika hasa watoto, mara nyingi katika taya: anakaa wapi, ana umri gani, ugonjwa ulianza lini. Mwaka 1961 alifuatana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Kampala, na Cliff Nelson, wakasafiri kwa motokaa maili zipatazo 10,000 hadi Afrika Kusini kuutafuta mpaka wa ugonjwa huo.

Swali lililobaki lilikuwa hili: je, wagonjwa waliokaa karibu karibu waliugua pia katika majira yale yale? Kama ndivyo, ipo sababu iliyopita katika vijiji vile kwa wakati ule. Mwaka 1967 Williams na wenzake Pike na Wright walichapisha dalili za jambo hilo katika Nile Magharibi. Orodha ya wagonjwa 188, iliyofika hadi mwaka 1975, iliwekwa baadaye ndani ya programu iitwayo splancs, kazi ya Barry Rowlingson na Peter Diggle wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza. Programu hiyo iliandikwa kwa ajili ya mfumo wa S-Plus na kuelezwa mwaka 1993. Halafu Roger Bivand wa Bergen, Norway, akaihamishia R, mfumo usiouzwa, unaotumika katika Linux, Windows na Mac.

Kuhamisha programu si kunakili faili tu. Maandishi ya mtunzi hupitia kwanza kwa kompaila, yaani programu inayoyafasiri kuwa amri za mashine. Kila mashine ina vipimo vyake, na hapo ndipo balaa huanzia.

Chukua mfano wa wagonjwa hao 188. Kuwalinganisha wawili wawili ni kuzidisha 188 kwa 187, kupata 35,156, kisha kugawa kwa 2: jozi 17,578. Katika kompyuta kubwa za vyuo, namba nzima ilipewa biti 32, nafasi tele. Katika kompyuta nyingi ndogo za miaka ya 1980 kompaila iliipa biti 16, na chombo hicho hujaa kikifika 32,767. Ikizidi, mashine haisemi neno. Kwa kawaida hugeuka kama saa ya maili ya lori kuukuu iliyofika mwisho, ila yenyewe hurudi nyuma ya sifuri. Zile 35,156 husomeka 30,380 pungufu ya sifuri. Jozi pungufu ya sifuri ni upuuzi unaoonekana upesi. La kutisha zaidi ni kosa linalotoa jibu la kuaminika, likamfanya daktari aseme ugonjwa haukukusanyika mahali ambapo ulikusanyika.

Kwa hiyo programu inayoanguka ghafla ina hisani yake: angalau imekiri. Ipo sababu moja ya kuanguka inayowasumbua wengi mpaka leo. Katika Linux ya biti 64, namba ya aina iitwayo `long` ina biti 64; katika Windows ya biti 64 ina biti 32 tu. Mtunzi akiihifadhi humo anwani ya kumbukumbu, Linux itamvumilia, lakini Windows itaikata anwani nusu, na programu itagonga mlango usio wake.

Mara nyingi kompaila huwa imekwisha kuonya. Ni kama mlinzi wa zamu: akipaza sauti mara mia kwa ajili ya mbuzi, watu hulala. Basi aanze mtu na onyo la kwanza, kwa kuwa yanayofuata huwa ni watoto wake, na asilizime onyo ili skrini ipendeze. Mwaka 2020 kompaila ya Fortran ya GCC, toleo la 10, ilianza kukataa kabisa baadhi ya makosa ya kutolingana kwa aina za namba ambayo hapo zamani yalipita kwa onyo tu. Waliokuwa wameyapuuza walikuta programu zao haziundiki tena.

Onyo likiisha, kazi bado. Iliyoanguka ifuatiliwe hatua kwa hatua kwa dibaga hadi mstari ulioiangusha. Isiyoanguka ipewe hesabu ambayo jibu lake linajulikana. Hapo orodha ya Kuluva inafaa sana: siku zake zimehesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1960, wagonjwa ni 188, jozi ni 17,578. Iendeshwe katika mashine ya zamani na katika mpya, kisha majibu yawekwe bega kwa bega, pamoja na hesabu ya jozi zilizokaribiana kwa mahali na kwa wakati.