Minazi Iliyofutwa Ukutani

Majuma mawili yaliyopita niliingia katika hoteli ndogo hapa Rhonda, ambamo nimekuwa nikinywa chai kwa miaka mingi, nikadhani nimekosea mlango. Ukuta wa nyuma, uliokuwa na minazi mitatu, jahazi na bahari ya buluu iliyokolea kupita kiasi, ulikuwa umepakwa rangi nyeupe. Makuti yaliyoning'inia juu ya kaunta yalikuwa yamerundikwa nje, yakingoja kuchomwa.

"Karibu, mwalimu," akasema mwenye hoteli. "Nasi tumekuwa watu wa kisasa."

Huenda, msomaji, ukaniuliza ni kipi cha kulilia hapo. Waama makuti hayakuwa na kwao Nakuru. Mnazi haustahimili baridi ya mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo kila kuti lililofika hapa lilisafirishwa mamia ya kilomita kutoka Pwani. Huko kwenyewe huoza, paa likahitaji kuezekwa upya baada ya miaka michache; tena hushika moto upesi mno. Magaidi walipoishambulia hoteli ya Paradise, Kikambala, tarehe 28 Novemba 2002, mapaa yake ya makuti yaliteketea. Mama huyu alikuwa na hoja ya karibu zaidi: jiko lake liko hatua tatu tu kutoka kaunta, na makuti yalikuwa yamejaa masizi na mende.

Lakini sababu kuu ilikuwa nyingine. "Wanafunzi wako ndio walionicheka," akaniambia. "Walisema hapa pamekuwa kama kalenda ya zamani."

Mapambo huchuja kama mitindo ya nguo. Hata New York, mnamo 1989, Donald Trump alitangaza kuufunga mkahawa wa Trader Vic's uliokuwa ndani ya hoteli yake ya Plaza, mkahawa wa mianzi na vinyago vya visiwa vya Pasifiki, kwa kuuona umepitwa na hadhi.

La ajabu ni kwamba Nakuru yenyewe ni tropiki. Ikweta iko kilomita thelathini na kitu tu kaskazini yetu. Ila picha ya tropiki tuliyopewa na vijitabu vya utalii ilikuwa mnazi na mchanga mweupe, nasi tukainunua pamoja na wageni. Migunga ya kandokando ya ziwa letu haikupata ukuta. Heroe nao hawakupata, ingawa ndio walioipa hifadhi ya Ziwa Nakuru sifa duniani hata kabla haijafanywa mbuga ya taifa mwaka 1968.

Hata hivyo, sina budi kukiri kuwa ukuta ule ulinifaa. Nani atamfundisha mtoto wa Rhonda kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi pasipo mnazi wa kuonyesha? Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia kuwa kitale ni mji wa Trans Nzoia. Nilimleta hotelini nikamwonyesha.

Na aliyeichora minazi ile nilimfundisha pia. Hakuwa amewahi kuiona bahari. Alilipwa kwa chakula cha mchana cha mwezi mzima, na kwa kazi hiyo akapata nyingine mbili mtaani. Siku hizi anaendesha bodaboda, maana wenye hoteli wanataka vigae vya kijivu, dari za jasi na runinga.

Nilimshauri mama ampe ukuta kijana yule achore heroe.

"Heroe wenyewe wengi wamehama, mwalimu," akajibu. Ni kweli, tangu maji ya ziwa yalipoanza kupanda kiasi cha mwaka 2010, wengi wamekimbilia Bogoria. Runinga ingeletwa Jumamosi.

Tukiwa katika mazungumzo hayo, kijana akaingia na kofia ya pikipiki mkononi. Akautazama ukuta kitambo, akaagiza chai na chapati mbili, kisha akaketi akiupa mgongo.