Sura ya Saba: Tumbili Anapokatiza

Oktoba 2011, karibu na bwawa la Albert Falls katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, Evan van der Spuy alikuwa kwenye mashindano ya baiskeli za milimani. Akiwa katikati ya uwanda wa nyasi, kongoni alimjia mbio kutoka ubavuni, akaruka na kumpiga dafrau. Mwenzake Travis Walker, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa amefunga kamera kwenye baiskeli, ndiyo maana dunia nzima ikaona. Helmeti ilipasuka na shingo ikatikisika vibaya, lakini kijana aliinuka. Kongoni naye akaenda zake.

Ni video tamu kuitazama, ila humfundisha mtu vibaya. Ukishaiona unaanza kuhofia wanyama wenye pembe, ilhali kwa mwendesha baiskeli mnyama wa kimo cha goti ana hatari yake ya pekee, na ndiye utakayekutana naye mara nyingi zaidi.

Chukua Kiganjo. Ninayoisema ni ile ya Thika, si ile ya Nyeri wanakofunzwa polisi. Wanyama wakubwa hawako mbali na hapo. Ukifuata barabara ya Garissa ukapita Makongeni, utafika chini ya Ol Donyo Sabuk, mlima ambao wenyeji huuita Kilimambogo. Ni hifadhi ya taifa tangu 1967, na nyati ndio wenyeji wake wakuu. Viboko wako mto Athi, upande wa maporomoko ya Fourteen Falls. Fisi nao wamewahi kushambulia watu upande wa Juja. Hata hivyo, anayetoka Kiganjo alfajiri kuwahi zamu ya kiwandani hana miadi na nyati. Atakutana na sungura anayetoka majanini akaganda mbele ya taa, na nguchiro anayekata njia akiwa amejibana chini. Wakati wa kurudi, jua likiwa bado lipo, atakutana na tumbili wanaopanda kutoka mtoni kwenda kutafuta mahindi ya watu. Na katika safari zote mbili yupo mbwa asiye na mwenyewe. Huyo si mnyama pori, lakini gurudumu halijui tofauti.

Mambo yanayotokea hapo ni ya kifizikia tu. Ukienda kilomita 25 kwa saa, unamaliza karibu mita saba kila sekunde, na sekunde moja ndiyo muda ambao mtu wa kawaida hutumia kuona, kushtuka na kufikisha vidole kwenye breki. Nguvu unayokwenda nayo ni ya mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita mbili na nusu. Ukiteremka kwa kilomita 40 kwa saa, kimo hicho kinapita mita sita, kwa sababu nguvu haiongezeki sambamba na mwendo: mwendo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara nne.

Mnyama mkubwa hukuzuia mwili mzima. Mdogo huzuia gurudumu peke yake, na wewe unaendelea na safari. Akiingia chini ya tairi, gurudumu huruka au kuteleza upande, na ukiwa umeshika hendeli kwa mikono yote miwili huenda ukaokoka. Akiingia kwenye spoku, mambo ni mengine. Spoku humzungusha hadi kwenye foku, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, anakwama hapo, gurudumu linafunga papo hapo, sehemu ya nyuma inanyanyuka na mwendeshaji anapita juu ya hendeli. Hapo hata breki haikuguswa.

Hata walio bora duniani hawasalimiki. Katika Tour de France ya 2007, mbwa aina ya labrador alitembea taratibu mbele ya Mjerumani Marcus Burghardt. Gurudumu la mbele lilimpiga mbwa ubavuni, likajikunja, na Burghardt akarushwa chini. Mbwa aliondoka kwa miguu yake. Siku chache baadaye, katika mashindano hayo hayo, Mfaransa Sandy Casar aligonga mbwa mwingine, akaanguka, akapanda tena, na akashinda hatua ya siku hiyo. Mmoja aliharibikiwa na gurudumu, mwingine akashinda, na kisa ni kilekile. Tofauti huenda ilikuwa pembe ya pigo, jambo tutakalolirudia tukifika kwa fundi.

Barabarani kwenyewe ushauri si mwingi. Tumbili hatembei peke yake. Akikatiza mmoja, usimfuate kwa macho anakokwenda, tazama kule alikotoka, maana wenzake wanakuja. Punguza mwendo mapema, si ukimfikia. Ukiona hapana budi utagonga, usikate kona ya ghafla: nyoosha gurudumu, bana breki zote mbili, rudisha makalio nyuma ya kiti. Kukwepa dakika ya mwisho kumewaingiza watu wengi kwenye matatu iliyokuwa ikiwapita. Ukienda Hell's Gate kule Naivasha, mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambako unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya wanyama, utaona punda milia hawana wasiwasi na wewe. Wa kuchunga ni ngiri, anayechomoka majanini bila taarifa. Na anayetembea gizani bila taa, sina la kumwambia katika sura hii.

Ukishaanguka, jiangalie wewe kwanza, baiskeli baadaye. Mnyama akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Kama umegonga kanga akafa, tafadhali usimfunge kwenye keria kwa ajili ya chakula cha jioni. Mnyama pori ni mali ya umma, na kupatikana na nyama yake bila kibali ni kosa. Mpigie simu mtu wa Shirika la Wanyamapori, KWS, au mwache kanga alipo.

Fidia je? Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inasema aliyeuawa na mnyama pori, jamaa zake walipwe shilingi milioni 5. Aliyepata ulemavu wa kudumu, milioni 3. Aliyejeruhiwa kwa namna nyingine, hadi milioni 2 kulingana na jeraha. Inagusa pia uharibifu wa mazao, mifugo na mali nyingine, na baiskeli ni mali. Unaripoti kwa polisi na KWS, unajaza fomu, unapeleka kwa kamati ya kaunti inayochunguza dai. Shida iko kwenye jedwali la sheria lenye orodha ya wanyama wanaolipiwa. Ndovu yumo, simba, nyati, kiboko, chui, fisi. Tumbili hayumo, sungura hayumo. Yaani sheria iliandikwa ikimfikiria mkulima wa Taita na mfugaji wa Kajiado, jambo ambalo lina haki yake, ila mwendesha baiskeli wa Kiganjo analindwa dhidi ya mnyama ambaye huenda asimwone maishani. Tena hata wanaostahili wamekuwa wakingoja miaka. Kwa hiyo, fisi akikuangusha, piga picha ya baiskeli ilipolalia, ya nyayo na ya jeraha, na usimruhusu fundi aguse kitu kabla ya kuripoti. Tumbili akikuangusha, nenda kwa fundi moja kwa moja. Mbwa mwenye mwenyewe ni habari nyingine: hapo kuna mtu wa kuongea naye, na mara nyingi mazungumzo mbele ya mzee wa mtaa hufika mbali kuliko kesi.

Sasa baiskeli. Kitu cha kwanza ambacho jicho litaona ni gurudumu la mbele, na ndicho kitu cha mwisho cha kukutia hofu. Watu hudhani spoku zinashikilia uzito kwa kusukuma, kama nguzo za kibanda. La, zinavuta. Kila moja imekazwa, katika gurudumu la kisasa kwa nguvu inayokaribia kilo mia, na mvutano huo ndio unaoifanya rimu nyembamba ibebe mtu na gunia lake. Pigo likitoka mbele au juu, gurudumu hulivumilia. Likitoka ubavuni, mvutano ule ule huligeukia, na rimu hujikunja umbo la nane kwa kufumba na kufumbua. Huenda ndiyo habari ya Burghardt.

Fundi mzuri huigeuza baiskeli, ikasimama kwa hendeli na kiti, kisha anaizungusha rimu polepole huku ameweka kucha ya kidole gumba karibu nayo, mkono ukiegemea foku. Pale rimu inapogusa kucha ndipo ilipopinda. Kama imeelemea kulia, anakaza spoku zinazotoka upande wa kushoto wa habu, analegeza za kulia zilizo jirani, robo mzunguko kila mara, kisha anazungusha tena. Akiwa na haraka akakaza nusu mzunguko kwa spoku moja, mpindo huhamia mahali pengine naye ataufukuza mchana kutwa. Rimu ya chuma ya baiskeli ya Black Mamba unaweza hata kuilaza chini na kuikanyaga kwanza ikarudi karibu na sawa. Ya aluminiamu iliyojikunja hasa usiipotezee muda. Hata ikinyooka, huenda imeshapata ufa usioonekana. Nunua nyingine, habu ile ile itumike.

Foku ndiyo inayonitia wasiwasi, na hapa sikubaliani na mafundi wengi wa kando ya barabara. Simama ubavuni mwa baiskeli uitazame. Foku inatakiwa kushuka ikifuata mstari wa shingo na kujipinda mbele kidogo kuelekea chini. Iliyopigwa hurudi nyuma, gurudumu likasogelea fremu, na ukikata kona ncha ya kiatu chako inagusa tairi ambalo zamani haikuligusa. Fundi atakwambia, "Boss, hii ni nyundo kidogo tu, jioni unapanda." Mjibu kwa upole, "Asante fundi, nitafutie nyingine." Chuma kilichopinda, kikapashwa moto na kunyooshwa kwa nyundo, hakirudi na uimara wake wa kiwandani, na foku ikikatika haikupi nafasi ya kujitetea. Gurudumu bovu hukuonya kwa kuyumba. Foku haionyi.

Ukiwa hapo, pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka shingoni kwenda kwenye pedali, sentimita chache nyuma ya shingo. Rangi iliyokunjamana au kupasuka hapo inamaanisha fremu yenyewe imekunjika. Kama hujaona kitu na bado baiskeli inavuta upande mmoja, tafuta uzi. Ufunge kwenye sehemu ya nyuma ekseli inapokaa, upande wa kulia, uuvute hadi mbele ya shingo, uzungushe, uurudishe hadi upande wa kushoto, uufunge. Pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana, fremu imekwenda mrama. Fremu ya chuma inaweza kurudishwa taratibu na fundi mwenye subira. Ya kaboni haipindi kamwe. Hupasuka ndani huku nje ikibaki inang'aa, kwa hiyo igonge kwa sarafu mahali pote. Ikitoa sauti butu mahali fulani, usiipande.

Baiskeli yenye gia ikiangukia upande wa kulia, chunguza kipande kidogo kinachoshika deriela, kile kifaa kinachohamisha mnyororo. Kikiwa kimepinda kidogo tu, gia nyingine zitafanya kazi vizuri, lakini siku utakapoweka gia nyepesi kabisa kupanda mlima, deriela itaingia kwenye spoku za nyuma na utaanguka mara ya pili, safari hii bila mnyama wa kusingizia. Helmeti iliyopata pigo itupe, hata isiyo na ufa: povu lililo ndani hubonyea mara moja tu.

Spoku mpya hujipanga na kulegea katika safari za mwanzo, hivyo baada ya siku chache za kuendesha rudi kwa fundi yule yule azikaze tena. Wengi wa mafundi wa Thika hawatozi kitu kwa marudio hayo ikiwa kazi ya kwanza ilikuwa yao, lakini mwulize kabla ya kumlipa.