Jua la Kinyonga kwa Paundi 56 kwa Mwaka

Kinyonga wa Jackson, yule wa pembe tatu kutoka nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, akifugwa ndani ya nyumba Uingereza hapati faida ya kuota jua dirishani: kioo huzuia karibu miale yote ya UVB. Bila miale hiyo ngozi haitengenezi vitamini D3, kalisi ya chakula haifiki mifupani, na taya hulegea. Inabidi jua linunuliwe.

Chukua kizimba cha sentimita 60 kwa 60 kwa 120, chenye tyubu ya UVB ya T5 ya wati 24. Ikiwaka saa 12 kila siku, hula uniti 105 za umeme kwa mwaka. Kwa peni 25 kila uniti, ni paundi 26. Tyubu yenyewe hubadilishwa kila miezi 12; tuihesabu paundi 30. Jumla 56. Taa ya joto ya wati 50 peke yake, kwa saa hizo hizo, hula umeme wa paundi 55.

Hasara imejificha kwingine. Paa la kizimba cha kinyonga kwa kawaida ni wavu, na wavu unaweza kuzuia theluthi ya UVB, wakati mwingine karibu nusu. Kwa theluthi tu, paundi 19 kati ya 56 hazimfikii mnyama. Kumwingizia taa ndani ni hatari, kwani huparamia chochote na kuungua. Dawa isiyo na gharama ni kupandisha tawi, hadi mgongo wa kinyonga upate UVI (kipimo cha nguvu ya miale ya UV) 3 hivi, huku majani ya chini yakimwachia kivuli chenye UVI ya karibu sifuri.

Jicho halioni UVB. Tyubu iliyochoka huwaka vizuri tu, ndiyo maana watu huuziwa mita ya UVI inayopita paundi 200. Tuseme mita inaonyesha tyubu ingali nzuri hadi miezi 18: umeokoa paundi 10 kwa mwaka. Mwenye kizimba kimoja atarudisha fedha yake baada ya miaka 20, na kinyonga huyu kwa kawaida hafikishi hata 10. Mwenye vizimba kumi atairudisha kwa miaka miwili. Mwenye kimoja na aazime, siku ya kufunga taa na tena mwaka ukikaribia kwisha.