Insha ya video: mwombaji wa chuo ajiandae vipi mbele ya kamera?

Vyuo kadhaa vya Marekani sasa huwataka au huwaruhusu waombaji kujieleza kwa video, badala ya kutegemea maandishi peke yake. Makala hii kutoka Sterling, Virginia, inaeleza utaratibu huo na mambo yanayoweza kumkosesha kijana nafasi.

Msikilizaji mpenzi, kwa miaka mingi kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kusoma Marekani alijua vitu vya kuandaa: vyeti, matokeo ya mitihani, barua za walimu na insha iliyoandikwa. Siku hizi, katika fomu ya maombi kwenye mtandao, anaweza kukuta sehemu nyingine inayomtaka awashe kamera na kuzungumza. Wapo wanaoiona sehemu hiyo zikiwa zimebaki saa chache tu. Wapo pia wanaobonyeza kitufe cha kuanza wakidhani ni majaribio, kumbe muda wa kujibu umeshaanza kuhesabiwa na hakuna nafasi ya pili.

Hapa Sterling, katika kaunti ya Loudoun jirani na uwanja wa ndege wa Dulles, takriban kilomita 40 kutoka Washington, suala hili huingia katika nyumba za wahamiaji kwa milango miwili. Kwanza kuna watoto waliokulia hapa, wanaomaliza masomo katika shule za sekondari kama vile Park View, Dominion au Potomac Falls. Pili kuna jamaa walioko Tanga, Kisumu, Bukavu au Muscat, ambao humpigia simu mtu wao aliyeko Virginia na kumuuliza: "Shikamoo mjomba. Hii video, hawa watu wanataka nini hasa?"

Tuanze na chimbuko lake. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston, kiliwaruhusu waombaji kuambatanisha video ya dakika moja kupitia YouTube. Haikuwa lazima, lakini waombaji wapatao 1,000 kati ya 15,000 na ushei waliitikia. Mmoja alitengeneza chombo kidogo chenye umbo la tembo, ambaye ndiye nembo ya chuo hicho, akakirusha angani mbele ya kamera. Mwaka 2014 Chuo cha Goucher katika jimbo jirani la Maryland kilikwenda mbali zaidi: mwombaji aliweza kutuma video ya dakika mbili pamoja na kazi mbili alizozifanya shuleni, bila ya matokeo ya mitihani. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Chicago kilianza kupokea video ya hiari ya dakika mbili, na Chuo Kikuu cha Brown nacho kilitoa nafasi ya video badala ya mahojiano yaliyokuwa yakifanywa na wahitimu wake.

Shule za biashara zilichukua njia nyingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, shule ya Yale na ile ya Kellogg katika Chuo Kikuu cha Northwestern ni miongoni mwa zilizoanza kuwauliza waombaji maswali yaliyokwisha rekodiwa, wakayajibu papo kwa papo mbele ya kompyuta. Hata mtihani wa Kiingereza wa Duolingo, ambao mtahiniwa huufanya nyumbani kwake, una sehemu ya mazungumzo inayorekodiwa na kupelekwa chuoni pamoja na alama.

Kwa nini vyuo vinafanya hivyo? Video huwafikia waombaji wa mbali ambao hawana mhitimu wa chuo hicho katika mji wao wa kuwahoji. Aidha, tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba mwaka 2022, imekuwa vigumu kujua iwapo insha ya maandishi imetoka kwa kijana mwenyewe. Sauti na uso wake ni ushahidi wa aina nyingine.

Sasa, msikilizaji, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba jina hilo moja, insha ya video, hubeba vitu viwili tofauti kabisa. Aina ya kwanza ni video unayoirekodi mwenyewe, kwa simu yako, kwa wakati wako, na unaweza kuirudia mara ishirini kabla ya kuituma. Aina ya pili ni ile inayorekodiwa ndani ya tovuti ya maombi. Swali linatokea, unapewa sekunde chache za kufikiri, kamera inajiwasha, na muda ukiisha jibu lako limekwenda. Mfano mzuri ni mahojiano ya kurekodi yaliyoandaliwa na chama cha vyuo vya tiba vya Marekani kwa madaktari walioomba mafunzo ya tiba ya dharura, kabla ya kusitishwa mwaka 2020: maswali 6, sekunde 30 za kulisoma kila swali na dakika 3 za kulijibu. Anayejiandaa kwa aina ya kwanza kisha akakutana na ya pili, hushikwa na butwaa. Kwa hiyo maelekezo ya chuo yasomwe yote, hadi mstari wa mwisho, kabla ya kugusa kitufe chochote.

Kwa aina ya kwanza, tatizo kubwa ni uzito wa faili. Video ya dakika mbili iliyorekodiwa kwa kipimo cha 4K inaweza kufikia megabaiti 700, wakati kwa kipimo cha 720 haizidi sana megabaiti 120. Kwa mtandao unaopeleka megabiti moja kwa sekunde, ile ya kwanza itachukua saa moja na nusu kufika, na ya pili dakika kumi na sita. Ofisi ya udahili haitafuti picha ya sinema. Chuo Kikuu cha Chicago, kwa mfano, kiliwaeleza waombaji wazi kwamba video haihitaji kuhaririwa kitaalamu. Basi punguza kipimo katika simu yako kabla ya kurekodi. Na ikiwa chuo kinataka kiungo cha YouTube, kumbuka kuwa video uliyoifanya ya faragha haitafunguka kwa mtu usiyemwalika. Chagua ule mpangilio unaomruhusu kila mwenye kiungo kuitazama bila video hiyo kuonekana kwa umma, kisha ijaribu kwa simu ya mtu mwingine.

Kwa aina ya pili, tatizo huwa ni ruhusa. Tovuti huomba kutumia kamera na kipaza sauti, na aliyewahi kubonyeza kukataa huenda asiulizwe tena. Itambidi aingie katika mipangilio ya kivinjari na kuifungua ruhusa hiyo mwenyewe. Programu kama Zoom ikiwa wazi inaweza kuishikilia kamera isitumike kwingine. Tovuti nyingi za namna hii zina swali la majaribio lisilohesabiwa. Lijibu hilo, jisikilize, kisha ndipo uingie katika maswali yenyewe. Baadhi ya shule hufungua maswali hayo baada tu ya fomu kuwasilishwa na ada kulipwa, kwa hiyo kumaliza fomu si kumaliza kazi.

Hapa kuna jambo ambalo wakazi wa Sterling wanalipita kila siku barabarani. Majengo makubwa yasiyo na madirisha yaliyotapakaa hapa na katika mji jirani wa Ashburn ni vituo vya kuhifadhia data, na eneo hili lina vituo hivyo kwa wingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Video iliyorekodiwa Arusha huenda ikaishia dakika chache tu kutoka jikoni kwa yule mjomba aliyepigiwa simu. Lakini safari ya kufika huku ni ndefu na hukatika. Mwezi Mei mwaka 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na mtandao ukazorota Tanzania, Kenya na Uganda. Tarehe 20 Oktoba mwaka 2025 hitilafu katika vituo vya Amazon vya huku kaskazini mwa Virginia iliangusha tovuti nyingi duniani kwa saa kadhaa. Siku tisa baadaye, siku ya uchaguzi mkuu, mtandao ulizimwa nchini Tanzania na haukurejea kwa siku kadhaa, ilhali Novemba mosi ndiyo siku ya mwisho ya maombi ya mapema katika vyuo vingi vya Marekani. Aliyekuwa ametuma wiki moja kabla hakuwa na wasiwasi. Ikitokea umezuiwa na jambo kama hilo, iandikie ofisi ya udahili mara tu mtandao unaporudi, ukitaja tarehe na sababu.

Kuna pia mtego wa saa. Fomu ikiandika 11:59 usiku, hiyo si saa kumi na moja ya Kiswahili, bali ni saa sita kasoro dakika moja usiku. Ikiwa ni kwa saa za Washington, basi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam itakuwa saa moja kasoro dakika moja ya asubuhi inayofuata, au saa mbili kasoro dakika moja baada ya Wamarekani kurudisha saa nyuma mwezi Novemba. Vyuo vingine hufuata saa za mahali alipo mwombaji. Hakikisha ni zipi.

Tukija kwenye kurekodi kwenyewe, sisi watu wa redio tuna la kusema. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini sauti isiyosikika humchosha upesi. Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu hutoa mwangwi. Chumba chenye pazia, godoro na nguo huumeza. Zima feni, weka simu umbali wa mkono mmoja, na uchague saa ambayo bodaboda na jenereta zimetulia. Walioko Sterling, ambako ndege za Dulles hupita juu ya mapaa, wanaweza kutumia vyumba vidogo vya kusomea katika maktaba za umma za kaunti. Kuhusu mwanga, elekea dirisha, usilipe mgongo. Na usikae mbele ya ukuta mweupe unaong'aa: kamera hupima mwanga wa picha nzima, ikaupunguza kwa sababu ya ukuta, na uso wa mtu mweusi ukazama gizani. Pazia la rangi ya wastani linafaa zaidi, na katika simu nyingi ukigusa uso wako kwenye kioo kabla ya kuanza, kamera itapima mwanga wa uso huo.

Hata hivyo, ugumu mkubwa zaidi haumo katika vyombo. Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto aliyelelewa hivyo, akafundishwa pia kutomkazia macho mkubwa wake, anaambiwa ghafla aitazame kamera na ajinadi kwa watu asiowajua. Wengi hugeukia mojawapo ya njia mbili: kunong'ona kwa haya, au kukariri maneno makubwa waliyoandikiwa na mjomba. Zote mbili humficha kijana. Njia iliyo bora ni kusimulia kazi badala ya kujisifu. Asiseme kwamba yeye ni kiongozi hodari. Aeleze jinsi alivyopanga zamu za kuchota maji bwenini, nani alikataa, na mwishowe walikubaliana vipi. Hapo chema kinajiuza chenyewe, na adabu haikuvunjwa. Lafudhi ya Kiswahili si kosa. Kusoma karatasi ndiko kunakoonekana mara moja, kwa sababu macho hukimbia.

Je, mfumo huu ni wa haki? Mjadala unaendelea. Video huonyesha rangi, mavazi na chumba cha mwombaji kabla hajasema neno. Mwezi Juni mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku kuzingatia asili ya mtu katika udahili, ingawa ilisema mwombaji anaweza kueleza jinsi asili yake ilivyoathiri maisha yake. Katika ajira, kampuni ya HireVue ilitangaza mwaka 2021 kwamba imeacha kutumia kompyuta kuchambua nyuso za watu katika mahojiano ya kurekodi, baada ya kukosolewa. Mwenye kigugumizi au ulemavu wa kusikia anaweza kuomba utaratibu mwingine mapema, kwani sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inamlinda.

Mwisho, video si mlango pekee. Pale inapokuwa ya hiari, kutoituma hakupaswi kumnyima mtu usingizi. Na hapa hapa Sterling kuna kampasi ya Loudoun ya Northern Virginia Community College, ambayo huwapokea wanafunzi bila insha ya aina yoyote, na ina mikataba na vyuo vikuu, kikiwemo George Mason, ya kuwapokea wahitimu wake waliotimiza masharti.

Lakini palipo na video ya lazima, kijana apewe wiki moja, chumba kimya na mtu mmoja wa kumsikiliza. Mjomba anayepigiwa simu kutoka mbali anaweza kumsaidia sana kwa kumuuliza maswali na kusikiliza majibu, mradi asimjibie.